TAHADHARI: Springi "za Kijapani" za kushushia gari pale Gerezani, Dar es Salaam, zimekatwa kwa grainda, na ukirudi na mtetemo unauziwa propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma)

Wenye Mark X, Crown, Altezza na yeyote anayepanga kushusha gari mwezi huu, someni kabla hamjatuma hela. Kuna Mark X moja jeupe. Limeshushwa, limeanza kutetemeka, na aliyeuza springi ndiye huyohuyo aliyeuza "dawa" ya mtetemo. Jina lake limeandikishwa kituo cha polisi na halitatajwa hapa, ila waliopita mikononi mwake watamtambua kwa mbinu zake.

Boksi lilitoka nyuma ya duka limezungushiwa nailoni, lina maandishi ya Kijapani na herufi kubwa GRX120, namba ya toleo la Mark X. Alilichana kwa kisu mbele ya macho yetu, akatoa springi nne nyekundu zinazong'aa, akazifuta kwa kitambaa moja baada ya nyingine bila haraka. Akachukua springi ya mbele ya zamani iliyokuwa imeshafunguliwa, akazisimamisha mbili pamoja juu ya kaunta ili tuone tofauti ya urefu. Kisha akatoa venia, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene. Akabana waya wa ile ya zamani, akageuza venia tusome wenyewe. Akabana waya wa nyekundu, akageuza tena. Namba ileile. "Mnaona? Chuma kilekile cha kiwandani, hii haivunjiki." Akaigonga kwa spana, ikalia vizuri. Ncha ya kila springi ilikuwa imevishwa kipande cha mpira, akasema ni cha kuzuia kelele. Hela ikatumwa kwa simu hapohapo, laki nne na nusu, na juu yake akatoa spesa nne za milimita 15 (sahani za kusogeza rimu nje), bure, zawadi ya mteja mzuri.

Kipimo kilekile alichokitoa kama ushahidi wa ubora ndicho ushahidi wa wizi wake. Waya una unene uleule, upana wa mzunguko uleule, nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ileile, ila umepungua mzunguko mmoja na robo. Hiyo ni springi ya Mark X iliyokatwa na kupigwa rangi. Springi iliyotengenezwa kwa ajili ya kushusha ina hesabu yake tangu mwanzo: waya wa unene mwingine au msokoto wa nafasi tofauti, ili gari likae chini bila kugonga stopa (mpira wa mwisho wa sasipensheni) kila tuta, na urefu unaotosha kubaki imebanwa hata gurudumu likining'inia. Ncha zake zimemalizwa kiwandani zikae barabara kwenye kikombe kinachoishika springi. Mpira wa "kuzuia kelele" ulipovuliwa, chini yake kulikuwa na mkato mbichi wa grainda wenye doa la bluu, alama ya chuma kilichopata moto. Chuma cha springi kikishapata moto wa grainda, ugumu wake pale unaweza kuharibika.

Msituulize kwa nini aliaminiwa. Mtu huyu anajua kazi. Alitofautisha GRX120 na GRX130 bila kuangalia popote. Alisisitiza alaimenti baada ya kushusha, kwa sababu kamba (camber, mlalo wa gurudumu) hubadilika na tairi huliwa upande wa ndani. Hata lile ambalo mafundi wengi wanalipuuza alilisema: bolti za bushi za mikono ya sasipensheni zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Ni kweli kabisa. Bushi ya mpira ikikazwa mkono ukiwa unaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa muda wote, na baada ya muda unachanika. Unazikaza za mwisho gari likiwa limekalia matairi yake. Anayekwambia hilo bila kuulizwa utamshuku kwa lipi? Na hapo ndipo hasira inapozidi, maana huyu hakukosea, alijua.

Gari likafungwa springi, rimu za inchi 18 na zile spesa. Kuanzia kilomita 80 kwa saa usukani ukawa unacheza, kwenye 100 unatetemeka mpaka mikononi na siti za nyuma zinausikia. Akapigiwa simu. Hakuuliza ni mwendo gani, hakuuliza ni ukikanyaga mafuta au ukiachia, hakuuliza unasikika kwenye usukani au kwenye siti. Jibu lilikuwa tayari mdomoni: "Hiyo propela. Ukishusha gari pembe ya propela inaharibika. Ninayo moja safi ya Japani, laki tatu na nusu, leta gari."

Hapa kila mwenye gari la kuvuta nyuma asome taratibu. Mark X ina sasipensheni huru nyuma. Difu, gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu, imefungwa kwenye fremu ndogo chini ya bodi, haipandi wala haishuki na magurudumu. Ukishusha gari, kinachobadilika pembe ni shafti mbili fupi zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu. Propela, inayotoka gia boksi kwenda kwenye difu, inabaki palepale ilipokuwa. Crown na Altezza ni hivyohivyo. Maneno ya pembe ya propela yana ukweli kwa gari lenye ekseli nzima nyuma, mfano Hiace au pikapu za springi za majani, ambako difu inatembea pamoja na ekseli. Alichukua ukweli wa Hiace akauuzia Mark X.

Na hiyo propela "safi" ilikuwa na senta beringi iliyolegea, mpira wake umepasuka. Ikafungwa bila hata kuweka alama kwenye flenji kabla ya kufungua ile ya zamani, wakati fundi yeyote hupiga alama ya rangi ili shafti irudi ilivyokuwa. Matokeo yake gari likawa na mitetemo miwili: ule wa 100 ukabaki, na ukazaliwa mwingine wa kunguruma wakati wa kuondoka.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye magurudumu, na ulitokana na zawadi yake. Habu ya Mark X ina shingo ya milimita 60.1. Rimu zile za dukani zina tundu la katikati la 73.1 ili ziingie magari mengi. Pengo hilo huzibwa na ringi ya katikati, ya plastiki au aluminiamu, na hazikuwekwa. Juu yake spesa bapa ambazo hazina shingo yao, kwa hiyo hata kilichokuwa kinabaki cha kushikilia rimu katikati kimefunikwa. Halafu nati: zilirudishwa zile za rimu orijino za Toyota, zenye shingo na washa bapa, kwenye rimu zinazotaka nati za koni ya nyuzi 60. Nati ya koni ingeivuta rimu katikati angalau kidogo. Ya washa bapa inaibana popote ilipoangukia.

Ndiyo maana balansi ilikuwa inaonyesha sifuri kila inapopimwa. Mashine ya balansi inaishika rimu katikati kwa koni yake, kwa hiyo pale iko sawa. Ikirudi kwenye gari inakaa pembeni, na hakuna risasi ya balansi itakayotibu hilo.

Kibaya kuliko mtetemo ni hiki. Baada ya spesa ya milimita 15 kwenye bolti za kiwandani, nati zilikuwa zinashika mizunguko minne tu. Bolti ni M12 yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.5, kwa hiyo mizunguko minne ni milimita 6 za uzi. Unatakiwa kupata angalau upana wa bolti wenyewe, milimita 12, yaani mizunguko 8. Gurudumu lililoshikwa kwa nusu ya hapo, likitetemeka kwenye 100 na familia ndani, linaweza kung'oka. Mtu huyu alitoa kitu hicho kama zawadi.

Kipimo kinachommaliza hakina gharama: rudisha rimu orijino bila spesa, endesha barabara ileile kwa mwendo uleule. Mtetemo ukiondoka, ugomvi wako uko kwenye rimu, ringi, nati au matairi, funga pochi. Kama rimu orijino hazipo, badilisha za mbele ziende nyuma uone kama mtetemo unahama kutoka usukani kwenda siti. Kisha kwenye mwendo unaotetemeka, achia mafuta. Ukiendelea vilevile, ni vitu vinavyozunguka kwa mwendo wa gari, magurudumu au propela. Ukipotea na kurudi ukikanyaga, tafuta kwenye jointi za shafti na maunti za injini. Ukija kwa breki tu, ni diski. Wenye programu ya kupima mtetemo kwenye simu, hesabu ni hii: tairi la 225/45R18 kwenye 100 linazunguka kama mara 13 kwa sekunde. Propela inazunguka zaidi ya mara tatu ya hapo. Simu ikikuonyesha 13, propela haina kesi.

Wenye magari ya kuvuta mbele, IST, Runx, Allion na wenzao, mtetemo wa kweli wa kushusha upo na unatofautiana na huu: gari linatikisika kushoto kulia ukikanyaga mafuta, linatulia ukiachia. Hiyo ni jointi ya ndani ya shafti kufanya kazi kwenye pembe na sehemu ambayo haikuzoea. Kupandisha gari kidogo mara nyingi huthibitisha.

Tumerudi dukani na springi mkononi. Akasema hajawahi kutuona. Risiti hakuna, alisema mashine ya EFD imeharibika, na namba ya simu iliyopokea hela ina jina la mtu mwingine. Mtu kama huyu asiachwe na duka. TRA wamfuate kwa risiti, Tume ya Ushindani wamfuate kwa kuuza bidhaa bandia yenye jina la kiwanda kisichoitengeneza, na polisi wamfuate kwa wizi wa waziwazi. Arudishe hela za kila mtu na alipie matairi yaliyoliwa. Afungiwe mpaka vijana wanaofunga springi hizo kwa ujira mdogo wapate bosi mwenye haya. Anayesema "msameheni, anatafuta riziki" aende akafunge spesa zile kwenye gari analompelekea mwanawe shule.

Dalili zilizokuwepo: rangi inanuka bado, ncha zimevishwa mpira usiotaka uvuliwe, hakuna namba ya sehemu kwenye springi yenyewe ila kwenye boksi tu, spesa za bure, risiti "kesho". Na anayetaja kifaa kabla hajauliza mwendo.

Ambaye tayari anazo, vua mpira wa ncha, piga picha mkato, pima waya na hesabu mizunguko, kisha peleka picha na ujumbe wa malipo kituoni, mashtaka yakiwa mengi ndipo yatasikika. Na kabla ya hayo yote, leo hii, fungua nati moja ya gurudumu lenye spesa ukihesabu mizunguko mpaka itoke. Ikitoka kabla ya nane, gari lisisogee hapo lilipo mpaka spesa zitolewe.