Don Julio 1942: laki saba na ishirini kwa chupa moja, jamani inastahili?

Wadau wangu, habari za tangu Jumapili, karibuni tena mezani. Leo utangulizi hauna nafasi, maana chupa hii imekaa kabatini wiki mbili nzima nikiizungukia tu. Tekila ya Don Julio 1942. Kila nikipandisha video mnauliza, "1942 lini?" Haya, ndiyo hii hapa. Nimeinunua kwa hela yangu mwenyewe hapa hapa Dar, laki saba na ishirini. Hiyo ni hela ya mifuko kama 40 ya simenti. Hakuna aliyenitumia, hakuna aliyenilipa. Na wewe ambaye hujafika miaka 18, tuonane video nyingine.

Ya kwenye lebo mnayajua, siyarudii. Agave, ule mmea unaotoa tekila, asilimia mia, Jalisco, Meksiko, na 1942 ni mwaka ambao Don Julio González alianza kazi ya kutengeneza tekila. Tusonge.

Nataka muone kitu. Sogeza kamera hapa, karibu kabisa. Nina glasi mbili. Hii ni ya shoti, ile mnayopigia klabu. Hii nyingine ina tumbo na mdomo mwembamba, kama ya mvinyo ila ndogo. Namimina sawasawa, kidole kimoja huku, kidole kimoja kule. Rangi mnaiona? Dhahabu ya mwangaza, kama chai ya rangi iliyotiwa maji mengi. Sasa nanusa ya shoti: pombe, pombe, halafu kwa mbali kautamu. Nanusa hii ya tumbo… Aisee. Aisee! Hii ni tekila ile ile, imetoka kwenye chupa ile ile sekunde kumi zilizopita! Vanila imejaa pua. Chini yake kuna sukari iliyoungua, ile ya visheti inapoanza kushika rangi kwenye sufuria. Nyuma kabisa kuna harufu ya kitu kilichopikwa, kama kiazi kitamu kilichochomwa na maganda yake. Hiyo ndiyo agave yenyewe.

Bado. Nadondosha tone moja kiganjani. Nasugua mikono kama mtu anayeota moto. Subiri… pombe inaruka yenyewe, hesabu mpaka 20. Sasa nanusa kiganja. Pombe hakuna tena, imebaki vanila, mbao, na ile ya kiazi. Jaribio hili halikugharimu kitu, na kinywaji kilichotengenezwa ovyo hakilivumilii hata kidogo, kinabaki kunuka kama dawa ya kusafishia jeraha.

Ndiyo maana nakasirika, na leo nasema wazi. Tunalipa laki saba halafu tunalamba chumvi, tunabugia kwa mkupuo mmoja, tunang'ata ndimu! Chumvi na ndimu kazi yake ni kuufunika ukali. Sasa hapa ukali uko wapi wa kufunika? Unachofunika ni vanila, ni pipa, ni miaka miwili na zaidi iliyokaa mle ndani. Na unakuta chupa imegandishwa kwenye friza mpaka inatoa jasho. Baridi ile inaua harufu yote. Naombeni sana, hiki kinywaji kinakaa mezani, joto la chumba, unakinywa taratibu kama kahawa ya jioni.

Mniruhusu kidogo, mimi ni mtoto wa Muheza, nimekua katikati ya mkonge. Mkonge na agave ya tekila ni ndugu wa ukoo mmoja kabisa. Wetu ulikuja kwa safari ndefu: asili yake Meksiko, ukapita Florida, mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akauleta Tanga, na iliyofika hai ilikuwa miche 62 tu. Sasa sikilizeni tofauti, maana bei inaanzia hapo. Mkonge unaukata majani, unauacha, unarudi tena kukata, miaka na miaka. Ukizeeka unatoa ule mlingoti mrefu ambao kwetu watu wanajengea. Agave ya buluu, hii ya tekila, haipewi nafasi hiyo. Mlingoti ukichomoza unakatwa ili sukari ibaki moyoni. Mkulima anasubiri miaka sita, saba, hata nane, halafu anapita mtu anayeitwa jimador na chuma chake chenye makali ya duara, anaparua majani yote. Unabaki moyo peke yake, wenyewe wanauita piña, nanasi, na ndivyo unavyofanana, ila hili nanasi linafika kilo 40 na kupita. Linapikwa, linasagwa, basi. Mavuno mara moja, na shamba linaanza upya. Na hata tukiipanda agave hiyo Korogwe kesho, kutuita watengeneza tekila hatuwezi. Jina lenyewe linalindwa tangu 1974, ni la Jalisco na sehemu za majimbo mengine manne tu.

Halafu pipa. Ukiona neno añejo, sheria inataka angalau mwaka mmoja kwenye mapipa ya mwaloni. Extra añejo ni miaka mitatu, daraja hilo limewekwa 2006. Hii ni añejo. Na kila mwaka pipani kiasi fulani kinapotea hewani, kwa hiyo unalipia hata kile ambacho hakijaingia kwenye chupa.

Haya, nionje. … Mmmh. Laini. Haichomi kooni, inateleza. Vanila, karameli, pilipili manga kidogo pembeni mwa ulimi, halafu joto linatulia kifuani. Funda la kwanza, jamani, nilikuwa tayari kuwaambia kanunueni.

Funda la pili bado nacheka.

La tatu… ngoja. La tatu nimeanza kumtafuta yule kiazi wangu wa kuchomwa, simwoni. Pipa limekaa mbele, agave imerudi nyuma. Nimemimina Don Julio Reposado, ya nyumba hiyo hiyo, imekaa pipani miezi minane, nililipa laki mbili na tisini. Nanusa… huyu hapa! Yuko mbele kabisa, na majani mabichi kidogo, na pilipili. Ulaini haufiki ule wa 1942, hilo sikatai, lakini ukiniuliza ipi ina ladha ya mmea wenyewe, ni hii ya bei nusu. Sikutarajia kusema hivi leo.

Mtaniuliza Clase Azul, tekila nyingine ya bei. Ile reposado yao ni chupa ya udongo iliyochorwa kwa mkono, kazi ya mafundi kweli, ninaiheshimu. Ila pale sehemu kubwa ya hela naona inaenda kwenye chungu. Tutaionja, mnipe muda nikusanye hela. Na wale mnaolalamikia sauti ya video iliyopita, maikrofoni mpya ndiyo hii, niambieni kwenye maoni kama mnanisikia vizuri.

Bei sasa. Kwa nilichoonja, mimi ningetoa laki nne na nusu kwa moyo mweupe. Kilichobaki ni safari, ushuru, na jina lililopaa kwa sababu ya meza za klabu, ambako chupa hii hii niliwahi kutajiwa milioni moja na laki sita. Usiinunue huko. Kama una shughuli, mahari imepokelewa, mtoto kahitimu, changeni wanne, dukani, laki na themanini kila mtu, kaeni chini na glasi zenye tumbo. Hapo nasema ndiyo, bila kusita. Kwa kunywa mwenyewe nyumbani Ijumaa, chukua Reposado, na chenji inabaki.

Wiki ijayo naonja blanco tatu ambazo hazijagusa pipa hata siku moja, glasi zimefunikwa nisijue ipi ni ipi. Mtu wa kamera, njoo, kuna kidole kimoja kimebaki hapa. Chumvi hapana, weka chini hiyo ndimu.