TAHADHARI: Sanamu za kauri za "Nymphenburg" zinazouzwa kwenye makundi yetu hapa Ujerumani

Ndugu zangu mnaopenda vitu vya kale, kuna muuzaji ameingia kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Anauza sanamu ndogo za kauri za wale wahusika wa vichekesho vya jukwaani vya Kiitaliano: Pantalone mzee bahili, Pulcinella mwenye pua kama mdomo wa ndege, Colombina mjakazi mwerevu. Msimtumie hela. Mimi ameshanila yuro 650.

Mnaonifahamu mnajua ninavyozipenda sanamu hizi. Nilizionea Bayerisches Nationalmuseum, München: kazi za Franz Anton Bustelli, alizoziumbia kiwanda cha Nymphenburg karibu mwaka 1760. Wahusika ni 16, wanaume wanane na wanawake wanane, na kila mmoja kapinda kiuno kana kwamba umemkuta katikati ya mchezo. Kiwanda kinaendelea kuzitoa hadi leo, kwa hiyo sokoni zipo za kila umri na kila bei. Hapo ndipo huyu bwana anapopenyea.

Aliniambia ana Colombina ya mwanzoni mwa karne ya 20, kimo sentimita 20, urithi wa marehemu bibi yake. Picha zilikuwa nzuri mno. Akaomba nilipe mtandaoni kwa kuchagua kwamba ninamtumia rafiki, eti tukwepe makato. Nikakubali. Malipo ya namna hiyo hayamlindi mnunuzi, na hela yangu haikurudi.

Mzigo ulipofika, mwanzoni sikushtuka. Ni kauri kweli: ya baridi mkononi, ukiigonga kwa kucha inalia. Kilichoiumbua ni rula. Sentimita 17.

Hili nataka kila mtu alielewe, kwa sababu wauzaji wengi hawatarajii mnunuzi alijue. Udongo wa kauri husinyaa tanurini, karibu sehemu moja ya sita. Kiwanda chenye kalibu halisi hutengeneza umbo kubwa kwanza, ili likishachomwa lifike kimo kinachotakiwa. Mwigaji hana kalibu hizo. Anachukua sanamu iliyokwisha kuchomwa, anaitolea kalibu, anamimina udongo wake, na nakala inasinyaa kwa mara ya pili. Ndiyo maana inatoka fupi, na ndiyo maana vidole vya Colombina wangu vimegandana na uso umefifia. Kabla ya kulipa, tafuta kimo cha sanamu hiyohiyo kwenye orodha za makumbusho au minada, kisha mwambie muuzaji apige picha ikiwa imesimama kando ya rula.

Alama ya chini isikutulize. Ngao, ambayo ndiyo alama ya Nymphenburg, kwenye yangu imechapwa kwa wino na inatoka kwa kucha. Enzi za Bustelli ngao hiyo iligandamizwa kwenye udongo wenyewe. Panga mbili za buluu, alama ya kiwanda cha Meissen, ndizo zilizoigwa zaidi, tena tangu zamani sana. Na zikiwa za kweli lakini zimekatwa na mikwaruzo, mara nyingi maana yake kiwanda chenyewe kiliiona kazi hiyo ina kasoro, kwa hiyo bei lazima ishuke.

Sasa hivi anatangaza Pulcinella "wa Capodimonte, 1750", mwenye herufi N na taji. Tangazo linajisuta lenyewe. Kiwanda cha kifalme cha Capodimonte kilifanya kazi kuanzia 1743 hadi 1759, na alama yake ilikuwa ua la yungiyungi. N yenye taji ilikuja baadaye na kiwanda kingine cha Napoli, kisha ikachukuliwa na viwanda chungu nzima.

Picha zake pia si zake. Niliitafuta ile ya Colombina kwa picha mtandaoni nikaikuta kwenye mnada wa zamani. Mwombeni picha yenye karatasi ya tarehe ya leo kando ya sanamu. Mimi nilipomwomba, alinifungia mawasiliano.

Nimeripoti polisi, kwa hiyo jina lake siliandiki hapa. Dada aliyesema wiki iliyopita kwamba ameshalipia Pantalone, tafadhali usitupe boksi wala ile stika ya mtumaji, na usifute mazungumzo yenu. Nitafute inbox nikupe namba ya jalada, uiambatanishe na taarifa yako.