Mfuko wa kuzuia moto wa betri: faida ipo, ila usiuachie kazi yote

Mifuko hii ya rangi ya fedha, mingi ya sentimita 23 kwa 18, huuzwa kwa mafundi simu na warusha droni kwa maneno matamu: betri iliyovimba ukiitia humo, kazi imekwisha. Haijaisha. Mfuko huchelewesha ndimi za moto zisirukie meza au pazia. Moshi hauuzuii, na betri hauipozi.

Kitambaa chenyewe ni nyuzi za kioo, na hapo hatuna neno. Chomoa uzi mmoja uusogeze kwenye kiberiti: wa kioo utang'aa bila kuyeyuka, wa nailoni utajikunja na kudondoka. Ubovu uko kwenye mshono na velkro, kwa sababu uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta ya kawaida. Ukipata moto huachia, mfuko ukafunguka ubavuni. Chagua wenye mfuniko mrefu unaokunjwa, uache wa zipu. Ukianza kuchakaa nyuzi zake huwasha ngozi.

Moshi kupenya si kasoro, maana chombo kilichozibwa kabisa hugeuka bomu. Tatizo ni kilichomo ndani ya moshi huo: chumvi ya lithiamu ikikutana na unyevu hutoa floridi ya hidrojeni, gesi inayounguza macho na mapafu. Kwa hiyo mfuko wenye betri mbovu hauwekwi droo ya duka wala chini ya kitanda.

Tena usiujaze. Betri ya simu ya mAh 5000 hubeba takriban wati-saa 19, mara mbili ya seli moja ya 18650 (ile ya mviringo kama ya tochi) ya mAh 2500. Mfuko mmoja, betri moja. Pakiti ya laptop yenye seli sita haifai humo, kwani seli moja ikishika moto joto lake huwasha jirani.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya mfuko. Zima simu, fungua, chomoa soketi ya betri kwanza. Gundi inayoshika betri usiilainishe kwa bloa (mashine ya hewa moto). Dondoshea alkoholi ya kusafishia bodi, subiri, kisha inua taratibu kwa kadi ya plastiki. Wembe na bisibisi kaa navyo mbali. Ziba ncha za betri kwa tepu nyeusi ya umeme, itie kwenye mfuko wa kuzuia moto, halafu fukia mfuko kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, sentimita 10 chini na 10 juu. Mfuniko wa ndoo uuegeshe tu. Ndoo ikae nje, mbali na ukuta na mtungi wa gesi. Mchanga wa ufukweni hapana: chumvi yake huvuta unyevu na kupitisha umeme. Na ile mbinu ya kutumbukiza betri kwenye maji ya chumvi tuiache. Chumvi hula ncha kwanza, chaji ikabaki ndani nawe ukadhani imekufa.

Harufu tamu kama ya rangi ya kucha maana yake betri imevuja. Fungua madirisha, toa watu, vaa glavu za nitrili. Majimaji yakikugusa ngozi au jicho, suuza dakika 15 kisha nenda hospitali ukataje kuwa ni ya betri ya lithiamu. Ikiwa inachemka au kufoka, usihangaike na mfuko: ondokeni. Betri ndogo ikiwaka, maji mengi kutoka mbali huipoza. Unga wa kizima moto huua ndimi tu, betri ikawaka tena.

Betri iliyoharibika hairuhusiwi kwenye ndege, na kuituma kwa basi ni kuwahatarisha abiria. Walio Nairobi waulize WEEE Centre, kituo cha kuchakata taka za kielektroniki.

Kwa fundi anayebeba betri kutoka meza hadi ndoo, mfuko unastahili kununuliwa. Mwenye simu moja nyumbani anunue ndoo.