Mashine ya mahudhurio ya kidole: nyota 3 kati ya 5

Mimi ni msimamizi wa zamu ghalani, na mashine hii tumeitundika ukutani mwezi wa nane sasa. Kazi yake inaifanya. Inasoma kidole mara moja, umeme ukikatika betri inatufikisha mwisho wa zamu, na taarifa za mwezi nazihamisha kwa flashi bila kumsumbua mtu wa kompyuta.

Shida ni vidole vyenyewe. Mtu anayefunga maboksi kutwa ngozi inalika, mashine haimtambui. Binti mmoja mgeni, wiki yake ya pili tu, aliandikwa kachelewa mara nne, na mimi namwona kwa macho yangu yuko pale tangu mapema, anafuta kidole kwenye suruali, anajaribu tena. Ofisi ikamkata mshahara. Nilipokwenda kumtetea nikajibiwa kwamba mashine haidanganyi. Kumbe dawa ni ndogo: sajili vidole viwili au vitatu vya kila mtu, na umpe namba ya siri ya akiba. Fundi aliyetufungia hakulitaja hilo, nililikuta mwenyewe kwenye kijitabu.

La pili mashine haihusiki. Wageni sita walibanwa na kidole, wakongwe wakaachiwa daftari lao. Na mgeni kazini, jamani, huona kila kitu. Mwanzoni hawa sita walikuwa wakibaki kumalizia kushusha lori bila kuombwa. Baada ya lile kato, ikifika saa kumi na moja kamili wako foleni mbele ya mashine, lori nusu. Na huwezi kuwagombeza, maana sheria hawajavunja.

Chuoni tulisoma utafiti wa Jerald Greenberg wa 1990. Viwanda viwili vilipunguza mshahara kwa asilimia 15 kwa muda. Wizi ulipanda kote kuwili, ila kule walikoelezwa sababu kwa kina na kwa heshima ulipanda kidogo kuliko kule walikotupiwa maneno mawili matatu. Wakati ule niliujibia mtihani, basi.

Sasa tunagusa wote, kuanzia meneja. Binti alirudishiwa hela yake na kuombwa radhi mbele ya wenzake. Juzi lori lilichelewa, wageni wanne wakabaki kushusha. Yeye alichukua mkoba, akagusa kidole, akaniaga vizuri tu, akaenda zake.