Walimimina damu ya mama kutoka chupa moja kwenda nyingine

Mnisamehe, naandika hasira zikiwa bado hazijanitoka.

Mama yangu ana kisukari cha miaka mingi na presha. Kila baada ya miezi michache daktari wake anataka vipimo vya figo. Safari hii foleni ya hospitali tuliyoizoea ilinishinda, nikampeleka maabara binafsi iliyo karibu na kwetu hapa Dar es Salaam. Jengo lao zuri, vigae vinang'aa, dada wa mapokezi mchangamfu, na majibu hufika kwenye simu siku hiyohiyo. Kwa hayo sina neno. Neno langu liko kwenye chumba cha kutolea damu.

Tulimkuta kijana, simu kaibana kati ya sikio na bega. Mwanamke wa miaka 71 anaingia, anatembea kwa kujikongoja, hajala tangu usiku kwa ajili ya kipimo, na shikamoo hakuipata. Alionyeshwa kiti kwa kidevu. "Bibi, pandisha mkono wa gauni." Jina hakuulizwa.

Akamfunga mpira juu ya kiwiko, akaukaza, kisha akarudi kwenye maongezi yake ya simu, habari za deni la pikipiki. Mkono wa mama unabadilika rangi, yeye anaamrisha tu: fumba ngumi, fumbua, fumba tena. Saa sikuitazama. Naamini zilipita dakika nne, pengine tano, maana mama aliniambia vidole vimekufa ganzi. Akapaka spiriti, akapapasa tena palepale kwa kidole, akachoma spiriti ikiwa bado mbichi. Mama akaruka kwa mwasho. Damu haikutoka. Akaanza kuichokonoa sindano ndani kwa ndani, kushoto, kulia. "Bibi, mishipa yako imejificha, hunywi maji?" Akachoma mara ya pili, mara ya tatu. Ya nne ilikuwa mgongoni mwa kiganja, damu ikawa inakuja kwa matone.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Alianza kujaza chupa yenye kifuniko cha zambarau, ikajaa. Ile ya kifuniko cha njano, ambayo ndiyo ya kipimo cha figo, ikapata damu ya kufunika kitako tu. Nikajua mama anachomwa mara ya tano, nikajiandaa kugombana. Hakuchoma. Alifungua vifuniko vyote viwili, akamimina damu ya zambarau ndani ya njano, kama mtu anayegawa chai vikombeni. Mimi si mtu wa maabara. Moyoni nilimshukuru kwamba mama hateswi tena. Nilimshukuru! Kila nikikumbuka, hilo linaniuma kuliko michomo yote minne.

Jioni majibu yakaingia. Potasiamu 8.4, wakati kawaida huwa kama 3.5 hadi 5. Kalsiamu iko chini mno, 1.1. Nikampigia daktari wake. Akaniambia nisithubutu kulala naye nyumbani, potasiamu ya kiwango hicho inaweza kuusimamisha moyo wakati wowote. Tukapanda bajaji usiku ule. Njiani mama akaanza kuniusia: hati ya kiwanja iko wapi, pesa za kikundi ziko kwa nani, mdogo wangu nimtunze vipi. Nilikuwa nimemshika mkono uleule wenye plasta nne, natetemeka.

Hospitalini wakampima umeme wa moyo. Uko sawa kabisa. Daktari wa zamu akaitazama karatasi ya maabara, akamtazama mama anayeongea vizuri, akasema damu itolewe upya kabla ya kumpa dawa yoyote. Mungu ambariki kwa subira ile, kwa sababu moja ya njia za kushusha potasiamu ni kumpa mgonjwa insulini pamoja na glukosi. Mama yangu wa kisukari angepewa insulini ya kutibu ugonjwa usiokuwepo!

Akaja muuguzi mtu mzima. "Habari za usiku, dada yangu, pole na safari." Akamwambia mama ataje mwenyewe jina lake kamili na mwaka wa kuzaliwa, akalinganisha na fomu. Akaosha mikono, akavaa glavu mpya. Mpira aliufunga kama vidole vinne juu ya mkunjo wa kiwiko, akapapasa mshipa, akaufungua mkono upumzike wakati anaandaa vifaa, ndipo akaufunga tena. Akasafisha kwa spiriti, akakaa kimya kusubiri ikauke, na pale aliposafisha hakupagusa tena. Alitumia sindano nyembamba yenye mabawa mawili ya plastiki, kama kipepeo. Mchomo mmoja, mkono uleule ambao asubuhi uliambiwa hauna mishipa. Damu ilipoanza tu kutiririka akalegeza mpira. Chupa ya njano kwanza, zambarau baadaye. Akazipindua polepole mara kadhaa bila kuzitikisa, sindano ikaenda moja kwa moja kwenye boksi la taka zenye ncha kali, akaandika jina kwenye chupa mama akiona. Zoezi zima halikufika dakika tano. Mama aliuliza, "Umemaliza?"

Majibu: potasiamu 4.4, kalsiamu 2.3. Mzima.

Daktari akaniuliza swali moja: "Kule mlikotoka, damu ilihamishwa chupa?" Sikuwa nimemwambia kitu, namba zenyewe zilimwambia. Akanieleza kwamba chupa ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, inaitwa EDTA, na humo imewekwa kama chumvi ya potasiamu. Inazuia kuganda kwa kuikamata kalsiamu. Kwa hiyo ukiimimina damu hiyo kwenye chupa nyingine, mashine inaisoma potasiamu ya dawa kana kwamba imetoka mwilini, na kalsiamu iliyokamatwa haionekani. Ndiyo maana chupa zina mpangilio wa kujazwa, na zambarau huja baada ya njano. Kufunga mpira muda mrefu na kufumbafumba ngumi nako hupandisha potasiamu, ila si kuifikisha 8. Mambo haya si siri ya mabingwa. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo mzima wa kutoa damu, wa mwaka 2010, na mpangilio wa chupa umo.

Baada ya siku chache nilirudi kule na karatasi zote mbili. Nilikwenda kwa shari, nasema kweli. Mkuu wa maabara akanikaribisha, akasoma, uso ukambadilika. Akakiri kwamba yule kijana yuko kwenye mafunzo kwa vitendo na asubuhi ile aliachwa peke yake kwa kuwa mwenzake alichelewa. Akanirudishia hela yote. Kijana akaitwa, akampigia mama simu kuomba radhi, sauti inatetemeka, na safari hii shikamoo ilikuwepo. Hasira yangu kwake ikapungua. Ni mtoto wa mtu, aliachiwa sindano kabla ya kuachiwa ujuzi. Nilikuwa hata tayari kuandika hapa kwamba maabara ni nzuri, ilipitiwa siku moja.

Lakini wakati ananisindikiza mlangoni, yule mkuu akasema, "Tushukuru tu, mama hakudhurika."

Hakudhurika? Mtu aliyetoa wosia ndani ya bajaji? Mkono wake ulikuwa na wingu jeusi kutoka kiwiko hadi kiganja, na kwa karibu wiki mbili aliuficha ndani ya khanga ili majirani wasiulize. Na wagonjwa wengine waliopita chumba kile asubuhi ileile, kuna aliyewapigia simu? Nilimuuliza. Akasema "tutalifuatilia." Mpaka leo sijasikia. Kwa hiyo hapana, nafuta sifa niliyotaka kuwapa. Mashine zao ziwe nzuri namna gani, zinapima kile kilichowekwa kwenye chupa.

Barua ya kwenda Bodi ya Maabara Binafsi za Afya nimeshaiandika. Jina la kijana sikuliweka, nimeeleza habari za kuachwa kwake peke yake.

Mwezi ujao mama anarudia kipimo cha figo. Tutaamka saa kumi alfajiri, tupande magari mawili mpaka kwa yule muuguzi. Mama ameshauliza mara mbili kama atakuwa zamu.