Taa ya injini iliyokuwa ikirudi: uzoefu wangu na kisomaji cha ELM327

Taa ya njano ya injini iliniwakia mara ya kwanza nikitoka Marereni, kabla ya kufika daraja la Sabaki. Gari lilikuwa likienda vizuri, ila likisimama injini inatetemeka kidogo. Nikaliingiza gereji hapa Malindi. Kijana akachomeka mashine yake, akaniambia, "Mzee, sensa ya oksijeni imekufa." Tukabadilisha, shilingi 6,500 zikatoka, taa ikazima. Siku ya tatu ikarudi. Ikafutwa kwa shilingi 1,000, ikarudi tena. Mara ya nne kijana alichomoa tu waya wa betri akaurudisha, taa ikazima, nami nikaona hapa ugonjwa hautafutwi, inazimwa taa tu.

Ndipo nikanunua kisomaji changu, hiki cha ELM327 kinachosoma misimbo ya makosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari, shilingi 1,200, kwenye duka la vifaa vya simu mjini. Ni kidude kidogo cha kukaa kiganjani, kinachomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na kuzungumza na simu kwa Bluetooth. Namba ya siri ni 1234, na programu niliipakua bure. Cha kwanza kilichoandikwa toleo 2.1 kilishikana na simu lakini gari hakikulisoma. Muuzaji akanibadilishia cha 1.5, kikasoma papo hapo. Vingi vya hivi ni nakala, kwa hiyo maandishi ya nje si ya kutegemea: mwombe muuzaji mkijaribu kwenye gari lako kabla hujalipa. Mwenye iPhone achukue cha Wi-Fi au cha Bluetooth LE. Hiki changu hakitamfaa.

Msimbo ulikuwa P0171. Maana yake hewa ni nyingi mno kwa mafuta yanayoingia. Haukusema sensa yoyote imeharibika! Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, na sisi tukamfukuza shahidi, mwizi tukamwacha ndani.

Mimi pia nilikosea. Niliidhania sensa ya kupima hewa, ile MAF, kuwa imeshika vumbi. Nikainunulia dawa yake maalumu ya kupuliza, nikaisafisha, nikafuta msimbo. Siku ya tatu, taa hiyo. Kuchelewa huku kuna sababu: kwa kosa la aina hii kompyuta haiwashi taa mpaka ilione katika safari mbili mfululizo, ndiyo maana kila ukifuta unajiona umepona. Tena ukifuta unapoteza kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: joto la injini, mwendo, mzigo. Mara zote nne pale gereji tulikuwa tukifuta nyayo za mwizi.

Kilichonifaa zaidi ni tarakimu zinazosomwa injini ikiwa inawaka. Tafuta iliyoandikwa LTFT. Hiyo inakuonyesha kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi. Ikiwa ndani ya 10, juu au chini, kwa kawaida hakuna neno. Langu, injini ikiwaka bila kukanyagwa, lilisoma +23. Nikakanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na kushikilia hapo, ikashuka hadi +6. Moyo ulinidunda. Pampu ya mafuta ingekuwa dhaifu, au filta imeziba, hali ingezidi kuharibika kadiri ninavyokanyaga. Ikipungua hivi, kuna upenyo baada ya MAF, hewa inaingia bila kupimwa. Injini ikiwa taratibu inavuta hewa kidogo, basi ile ya wizi ni sehemu kubwa. Ukikanyaga, hewa iliyopimwa inakuwa nyingi na ya wizi inamezwa.

Kesho yake alfajiri, kabla pikipiki hazijaanza kelele, nilichukua kipande cha mpira wa kumwagilia maua, ncha moja sikioni, nyingine nikaipitisha taratibu kuzunguka manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, mbali na feni na mikanda. Nyuma, chini, nikasikia mluzi mwembamba. Ulikuwa mpira mfupi wa valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi, umekauka kwa joto na kupasuka upande wa chini, jicho halifiki. Duka la spea waliniuzia mpya kwa shilingi 350. Nilizima injini, nikaiacha ipoe, kazi ikachukua nusu saa. Hapo ndipo nilipofuta msimbo kwa haki.

Huu ni mwezi wa nne tangu nibadilishe mpira huo, naenda Gede na kurudi karibu kila siku, LTFT inacheza kwenye +3 na taa haijawaka. Kifaa kina upungufu: taa za mifuko ya hewa na za breki za ABS hakizisomi kwenye gari langu, na ukikiacha kimechomekwa kinanyonya betri, basi mimi nakichomoa kila jioni. Na taa ikianza kumwekamweka badala ya kuwaka tu, punguza mwendo, simama mahali salama na uzime injini. Mara nyingi kuna silinda haichomi, na mafuta mabichi yanaunguza katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Juzi jirani yangu alikiazima. Lake linasoma P0302, silinda ya pili haichomi sawasawa. Nimemwomba asifute chochote wala asilitembeze mpaka Ijumaa baada ya swala, tuhamishe koili (inayotoa umeme wa cheche) ya silinda ya pili iende ya tatu, tuone kama msimbo utaifuata.