Darubini yako ya kwanza ukiwa Dar: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kila kipupwe kikiingia na mawingu ya masika yakishaondoka, napokea ujumbe wa aina moja. Mtu ana mtoto anayeuliza habari za nyota, au yeye mwenyewe amekuwa akitamani tangu utotoni, na amenitumia picha ya boksi la darubini aliloliona dukani Kariakoo. Boksi lina galaksi ya zambarau na maandishi makubwa: 675X. Swali lake ni moja, ninunue? Jibu langu halibadiliki: hilo liache. Ila "liache" peke yake haitoshi, maana mtu ana hela yake mkononi na anataka kujua aipeleke wapi. Kwa hiyo nimezipanga darubini hapa, kuanzia ile ninayomshauri kila mtu hadi zile ambazo sitaki uzilipie.

Tuanze na hiyo 675, kwa sababu ukiielewa, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha. Ukuzaji ni hesabu ya kugawanya tu. Chukua bomba lenye lenzi ya kipenyo cha mm 60 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale picha inapojikusanya, wa mm 900. Ukiweka lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya mm 4, 900 gawanya kwa 4, unapata mara 225. Ongeza kile kijibomba cha kuzidisha mara 3 wanachokiweka ndani ya boksi, unafika 675. Hesabu ni sahihi, picha ni ukungu mtupu. Wazoefu wanatumia kipimo rahisi: kila milimita ya kipenyo inabeba ukuzaji wa mara 2, na hapo hewa iwe imetulia. Kwa mm 60 mwisho wako ni mara 120.

Wanaastronomia wenyewe hawaulizani habari za ukuzaji. Darubini ya SALT, iliyozinduliwa mwaka 2005 kule Sutherland, Afrika Kusini, inajulikana kwa kioo chake cha kuakisi mwanga chenye upana wa kama mita 11, kilichoungwa kwa vipande 91 vya pembe sita. James Webb, iliyorushwa angani 25 Desemba 2021, inatajwa kwa kioo chake cha mita 6.5. Hakuna anayebandika jicho pale. Mwanga unakusanywa, unapelekwa kwenye kamera au kwenye spektrografu, chombo kinachoutandaza rangi kwa rangi mpaka ijulikane nyota ina elementi gani na inatusogelea au inatukimbia. Kazi ya kioo ni kukusanya mwanga, na mwanga unaenda kwa kipenyo mara kipenyo. Kioo cha mm 130 kinakusanya karibu mara 5 ya lenzi ya mm 60. Kwa hiyo ukiingia dukani, namba ya kwanza kuuliza ni kipenyo. Muuzaji asipoijua, mwombe akuletee bomba ulipime kwa rula.

Namba moja: darubini ya macho mawili, 10x50

Najua wengi watakata tamaa hapa, maana walikuwa wanawaza bomba refu juu ya miguu mitatu. Nasisitiza hata hivyo. 10 ni ukuzaji, 50 ni kipenyo cha kila lenzi ya mbele kwa milimita. Kama mikono yako haitulii, chukua 7x50. Bei za nje ni kati ya dola 50 na 120 kwa zilizo nzuri, haifiki kilo moja na robo, na inaingia kwenye mkoba wa kwenda nao Mafia au Bagamoyo, ambako giza bado lipo. Ikitulia vizuri juu ya ukuta au bega la mwenzako, inakuonyesha miezi minne ya sayari ya Mushtarii kama vidoa vya nuru vilivyojipanga mstari mmoja, ile ile ambayo Galileo aliiona Januari 1610 na kugundua kwamba si kila kitu kinaizunguka dunia.

Novemba moja nilikuwa juu ya paa na mama mwenye nyumba alipanda kuanua nguo. Nikamwonyesha Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kwa macho matupu kwanza. Akahesabu nyota tano, taa za mji zilikuwa zimemeza nyingine. Nikampa darubini, nikamsaidia kuegemeza viwiko kwenye ukingo. Alikaa kimya muda mrefu. "Mwanangu, hawa wamejaa hivi!" Halafu akasema marehemu baba yake hakuwahi kupanda mbegu kabla hajakiangalia, na akanikariria: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sikuwa na la kuongeza. Kundi hilo lina nyota mamia, na katika 10x50 unaziona makumi, za buluu, zimetawanyika kama chumvi kwenye sahani nyeusi. Darubini kubwa haiwezi kukupa hilo, kwa sababu inaona kipande kidogo tu cha anga na Kilimia hakienei ndani.

Ukiwa dukani, ifanyie vipimo vinne kabla hujatoa hela. Ielekeze kwenye mnara wa simu ulio mbali, utazame kwa macho yote mawili dakika nzima. Ukiona vitu viwili viwili au kichwa kinaanza kuuma, vioo vya ndani vimehama, rudisha. Ishike mbali na uso uangalie vile viduara vya mwanga kwenye lenzi za jicho: viwe duara kamili, visiwe na pembe za kijivu. Lenzi za mbele ziking'aa rangi nyekundu kama rubi, acha, hiyo rangi inatupa mwanga nje badala ya kuuingiza. Mwisho, mulika tochi ya simu kwa ndani. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, huo ni ukungu unaokula kioo, na hausafishiki kwa kitambaa. Kwa mitumba hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote, maana joto na unyevu wa pwani yetu ndivyo ukungu unavyovipenda. Zile za ukuzaji wa kubadilisha, 10 hadi 30 na kuendelea, ziruke kabisa.

Namba mbili: ya kioo, ya kuweka mezani, mm 130

Hii ndiyo ningemnunulia mtu ambaye tayari ameamua anataka darubini yenyewe. Mfano unaojulikana sana ni Sky-Watcher Heritage 130P: kioo cha mm 130, urefu wa fokasi mm 650, bomba linalokunjwa, na kitako kinachozunguka kama sinia la chakula. Inakuja na lenzi za jicho mbili, mm 25 na mm 10, yaani mara 26 na mara 65. Kwa mara 65 unaziona pete za Zohali zimejitenga na sayari. Machi 2025 pete hizo zilitugeuzia ukingo zikawa kama uzi, na tangu hapo zinafunguka taratibu, hivyo kila mwaka utaziona pana zaidi. Bei ya nje ni kama dola 200 hadi 300.

Kinachonifanya niiweke juu ya kubwa zaidi ni ngazi. Wengi wetu tunaishi kwenye nyumba za kupanga na kutazamia juu ya paa. Darubini unayoweza kuishika kwa mkono mmoja, mwingine ukishika kiti, utaitoa kila wiki. Inahitaji meza imara tu. Kreti mbili za soda zilizopinduliwa na ubao juu yake zinatosha.

Jambo moja la paa za zege: zimeloweka jua kutwa nzima, na usiku wa mapema joto linapanda juu na kuichezesha picha kama hewa juu ya jiko la mkaa. Subiri hadi saa nne. Sayari ile ile iliyokuwa inatetemeka saa mbili itatulia.

Namba tatu: Dobson ya mm 150 au 200

Kama una uwanja Kigamboni, Goba au Kisarawe na hubebi kitu ngazi tatu, ipandishe hii iwe namba mbili. Aina hii imepewa jina la John Dobson. Yeye, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915, alikuwa mtawa kule San Francisco. Alikuwa akisugua vioo vya darubini kutoka kwenye vioo vinene vya madirisha ya meli, akaviweka kwenye mabomba ya karatasi ngumu na vitako vya mbao, kisha akavipeleka barabarani ili mpita njia yeyote atazame. Kitako cha darubini hii ni boksi linaloinama na kuzunguka, hakina gia wala mota.

Urahisi huo una faida kubwa kwetu. Dobson nzima ni mzigo mkubwa, ya mm 200 inazidi kilo 20, na ukisafirisha kwa meli wakala anapiga hesabu kwa CBM (mita za ujazo), pamoja na ushuru na VAT bandarini. Ukipata muuzaji anayekubali kuuza bomba peke yake, kitako unaweza kutengenezewa na fundi seremala wa Keko. Mwambie atumie plaiwudi ya kuvumilia maji, kwa sababu zile mbao za unga uliogandishwa zinavimba masika ya kwanza tu. Katika mm 200, usiku wa Mei, lile tonge kubwa la nyota liitwalo Omega Centauri linageuka kutoka doa la ukungu kuwa nyota moja moja, elfu kwa elfu. Wenzetu wa Ulaya wengi hawalioni kabisa, liko kusini mno kwao. Kwetu linapanda hadi nusu ya anga.

Namba nne: ya lenzi, mm 70 au 80, kwenye stendi rahisi

Inafaa kwa mwezi, kwa pete za Zohali, na kwa mtoto anayetaka pia kutazama meli zikisubiri nje ya bandari, kwa kuwa ya kioo hugeuza vitu juu chini. Haihitaji kurekebishwa vioo. Kasoro iko kwenye miguu: shika bomba, ligonge kidogo kwa kidole, uhesabu. Picha ikichukua zaidi ya sekunde mbili tatu kutulia, utachoka nayo mapema.

Ya Maksutov, inayochanganya lenzi na kioo, fupi na nene, ya mm 90 hadi 127, naiweka hapa kwa mtu wa ghorofani mwenye baraza dogo anayependa sayari na mwezi tu. Ni nzuri kwa hilo, si zaidi.

Namba tano: zile zinazojitafutia nyota zenyewe

Seestar S50 na ndugu zake: kamera ndani ya darubini ya mm 50, kilo mbili na nusu, unaamuru kwa simu. Inapiga picha nyingi za sekunde chache na kuzirundika pamoja, hivyo inapenya mwanga wa mji kuliko jicho lolote. Kwa bei ya kama dola 500, picha za nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) kutoka Sinza zinawezekana. Nimeiweka chini kwa sababu hakuna mahali pa kuweka jicho, na kwa sayari ni dhaifu. Kama lengo lako ni picha, ihesabu kuwa namba moja.

Za kuacha

Stendi ya ikweta ndiyo mtego unaowanasa wanunuzi wa Dar. Ina mhimili unaotakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka, na kitabu chake kitakuambia utafute Nyota ya Kaskazini. Sisi tuko nyuzi 6.8 kusini ya ikweta. Nyota hiyo iko chini ya upeo wetu. Ncha ya kusini nayo iko nyuzi 6.8 tu juu ya upeo, nyuma ya mapaa na vumbi, bila nyota angavu ya kuionyesha. Mhimili unabaki karibu umelala, stendi nyingi za bei nafuu hazishuki hadi hapo, na kile kizito cha kusawazisha kinagonga mguu wa stendi.

Acha pia lile bomba fupi la kioo lililoandikwa fokasi mm 1000 huku lenyewe halifiki nusu mita. Kuna lenzi imefichwa ndani kurefusha fokasi, na kwenye zile za bei ya chini picha haikazi kamwe. Mimi nililipia moja, na niliuza kwa hasara.

Na ukikuta kwenye boksi kijichujio cheusi cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kivunje ukitupe siku hiyo hiyo. Kinapata joto lote lililokusanywa, kinapasuka, na jicho haliponi. Kichujio salama kinafunika mdomo wa mbele wa bomba, chote. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, na Dar tutaona sehemu ya kupatwa huko. Agiza kichujio mapema.

Darubini ikishafika, usisubiri usiku. Mchana, elekeza bomba kwenye ncha ya mnara ulio mbali, mbali na jua, kisha kaza skrubu za kile kilengeo kidogo cha juu ya bomba mpaka viwili vikubaliane. Lenzi zihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu. Usiku wa kwanza usichague mwezi mpevu. Ngoja mwezi wa siku sita au saba, uweke lenzi ya mm 25, uufuate ule mstari ambapo mwanga unakutana na giza. Vivuli vya milima viko pale, virefu.